Jeneza la Lisboni

Nduzangu, kuna aibu mtu huificha mpaka akachoka kuificha, na hii yangu nimechoka nayo. Afadhali niiandike mwenyewe kuliko kuisikia tena kwa Kombo wa Msambweni, maana Kombo kila akiihadithia huongeza chumvi, na juzi nimesikia amewaambia watu sokoni kwamba nilitoka ndani ya jeneza nikiwa nimevikwa sanda. Si kweli. Nilitoka ndani ya gari, na nilikuwa nimevaa koti. (Mengine aliyoyasema ni kweli, nami nitayaeleza kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniuma, kwa kuwa haki ni haki.)

Mimi ni mtu wa Mkwiro. Nimesoma chuo cha Kurani, nikahitimu msahafu, na nimesoma skuli madarasa matatu, basi, kwa hiyo atakayeona makosa katika mwandiko wangu anistahi. Katika miaka hii ya hamsini vijana wengi wa kwetu tumeingia meli za mizigo pale Mombasa, na mimi kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi, kazi isiyokuwa na mwisho, maana ukimaliza ubavu wa kulia wa kushoto umeshaota kutu tena. Kombo nilikuwa naye meli moja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini, na mkubwa wetu alikuwa Mzee Faki wa Vanga, serahangi, ndiye anayepokea amri kwa kapteni akatugawia sisi mabaharia.

Safari ile tulibeba katani kuipeleka Lisboni, mji mkuu wa Wareno, tukaambiwa tutakaa siku tatu kisha turudi Mombasa.

Sasa lazima niseme kilichokuwa moyoni mwangu, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilifanya nilivyofanya. Nilikuwa nimeposa. Msichana ni Mwanaisha, wa hapo hapo Mkwiro, aliyelelewa na mjomba wake, Mzee Athumani, na Mzee Athumani hakuwapenda mabaharia. Simlaumu. Baharia wa kwanza kuposa katika nyumba ile alimposa dada yake Mwanaisha, akaenda Bombay, akazurura mjini mpaka meli ikamwacha, na hadi leo tunasikia tu kwamba yuko huko ana duka. Basi siku niliyokwenda kuaga, mzee alinikazia macho akaniambia, "Nakupa safari hii moja. Ukirudi na meli uliyoondoka nayo, mwezi unaofuata ni harusi. Ukirudi na meli nyingine, usije hapa hata kuniamkia." Nikasema inshallah. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akaongeza, "Na ukija unieleze ulilala wapi na uliona nini. Sitaki kijana anayezunguka dunia kama gunia la mbata, linapakiwa, linapakuliwa, halijui limefika wapi."

Maneno yale ya gunia yaliniingia. Nikanunua daftari, nikaandika ukurasa mmoja juu yake "Nilipolala," na ukurasa wa pili "Nilichoona," nikaziacha tupu zijazwe Lisboni.

Ukurasa wa kwanza ulijaa upesi. Mahali pa kulala Lisboni, kwa mtu kama mimi, palikuwa pa namna tatu. Unaweza kulala melini, bure, lakini siku za kupakua mizigo winchi hupiga kelele mpaka meno yanacheza. Unaweza kulala katika nyumba ya mabaharia karibu na bandari, ambako vitanda ni ishirini chumba kimoja na supu yao ina vipande vya nyama ambavyo hakuna awezaye kukuapia ni vya mnyama gani. Au unaweza kulala kwa Bwana Kaitano, Mgoa, yaani Mhindi wa Goa wanakotawala Wareno, aliyekuwa fundi cherehani Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia kule, ana vyumba vitatu juu ya duka lake, anapika wali na mchuzi wa samaki, na Kiswahili anakizungumza kama mtu wa Kibokoni, Mombasa. Mzee Faki ndiye aliyetupeleka. Kwa hiyo hapo sina la kujuta, tulilala vizuri, foronya safi, na asubuhi chai ya maziwa. Niliandika yote hayo, mpaka idadi ya mablanketi (matatu, na bado nilitetemeka).

Ukurasa wa pili ndio ulionitesa. Siku ya kwanza ilinyesha mvua nikalala. Siku ya pili mimi na Kombo tulipanda ile treni ndogo ya manjano inayopita barabarani katikati ya watu, tukakaa, tukaogopa kushuka tusije tukapotea, ikapanda mlima, ikashuka mlima, vioo vimejaa ukungu hatuoni nje, ikaturudisha pale pale tulipopandia, na mwenye tiketi akatutazama kwa huruma. Nikiandika hayo katika "Nilichoona" ningeandika nini? Mgongo wa Mreno aliyekaa mbele yangu?

Asubuhi ya siku ya tatu, siku ya kuondoka, tulitakiwa melini saa tisa alasiri, na saa kumi meli itoke. Nikamwuliza Bwana Kaitano, "Kitu gani hapa mtu akikiona anaweza kusema amekiona Lisboni?"

Akanionyesha dirishani. "Ile ngome kule juu ya kilima. Panda ngazi hizi za mawe moja kwa moja. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi."

Kombo alikuwa amejifunika blanketi mpaka puani. Akasema, "We Salimu, kaa unywe chai, saa nane tushuke pamoja. Ngome si iko Mombasa? Wamejenga hawa hawa."

Kwa haki yake, alinikanya. Ningemsikia, nisingekuwa na mkasa. Lakini niliona saa ni tatu tu asubuhi, nikasema nusu saa na nusu saa ni saa moja, nitarudi mapema, nikavaa viatu vya turubai vya kupandia (vile vyangu vizuri vya ngozi nikaviacha chini ya kitanda, mvikumbuke viatu hivyo), nikatia daftari mfukoni, kofia yangu ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, kichwani, nikatoka.

Ngazi zile zinapanda baina ya nyumba, nyembamba, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, kuta zimebandikwa vigae vya buluu, na penye kona kuna duka limetundika samaki wakavu wa chumvi, harufu ile ile ya ng'onda wa kwetu, nikasimama nikavuta pumzi nikajiona niko Shimoni. Nikatoa daftari nikaandika, "Wana ng'onda." Nikajisifu kwamba ukurasa umeanza kujaa. Laiti ningegeuka hapo hapo.

Nilipopanda kidogo nikaona watu wamejaa mbele ya mlango mmoja, wanaume wamevaa nyeusi, wanawake wamejitanda nyeusi, na mara wakatoka watu sita wamebeba jeneza begani, wakaanza kuteremka ngazi kuja upande wangu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanaponicheka, na mimi nasema kila mtu wa pwani angefanya hivyo. Kwetu, jeneza likipita, hata kama ni la mtu usiyemjua jina, unaacha ulichoshika unakwenda kutia bega. Kila hatua ina thawabu zake. Unamgusa aliyebeba, unamwambia "Lete, mwenzangu," yeye anakupisha, unabeba hatua kumi, kumi na tano, na kabla hujahisi uzito mwingine ameshakugusa, "Lete," unampisha, na maiti anakwenda haraka kama anayepelekwa na maji. Hakuna anayechoka kwa kuwa hakuna anayeachwa.

Sasa nawatazama Wareno wale. Sita wamebeba, na mmoja wao, nyuma kushoto, ni mzee kabisa, jasho linamtiririka, magoti yanamtetemeka kwenye ngazi zile kali, na pembeni vijana wenye nguvu wamesimama wameshika kofia zao, wanamtazama tu! Hakuna hata mmoja anayempokea! Nikasema moyoni, hawa watu wana moyo gani? Nikasema, labda wanaona haya kuanza. Nikasema, Salimu, nenda.

Nikaenda. Nikamgusa yule mzee, nikasema "Lete, mzee wangu," nikatia bega langu chini ya jeneza.

Mzee hakunipisha. Alinitazama kama ninayemnyang'anya mfuko. Yeye akashika, mimi nikashika, akanisukuma kwa kiwiko, nami kwa kudhani ananionea haya kwa kuwa mgeni nikazidi kuingia, "Wacha, mzee, pumzika," na wenzake mbele hawajui kinachotokea nyuma wanaendelea kushuka, mguu wa mzee ukateleza, akakaa kitako kwenye ngazi puu! Na mimi, ambaye Mungu hakuniumba mrefu, nikabaki peke yangu katika pembe ile, na pembe ile ikashuka.

Watu wote wakapiga ukelele mmoja, "Aaah!" Shada la maua likaporomoka, likabingirika ngazi kwa ngazi mpaka kwenye duka la ng'onda. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikainua kwa mikono miwili, nikasema "Bismillahi" kwa sauti, jeneza likakaa sawa. Wale watano wakageuza shingo wakaniona. Sijui waliona nini. Kofia ya vito na macho, nadhani.

Lakini hakuna mahali pa kusimama kwenye ngazi zile, ikabidi twende. Nami nikaenda nikingoja hatua zangu kumi ziishe nipokewe. Zikafika kumi. Zikafika ishirini. Nikageuka nyuma nikawatupia jicho wale vijana, jicho la kusema jamani, haya. Wakaniinamishia vichwa kwa heshima. Hatua hamsini. Bega linawaka. Nikasema kwa Kiswahili, "Nani ananipokea?" Hakuna. Mia. Na nduzangu, jeneza haliwekwi chini njiani, hilo najua kwetu na nilidhani hata kwao ni hivyo, na kumwachia maiti wa watu akaanguka ni jambo ambalo ningeulizwa duniani na akhera. Nilitamani yule mzee arudi aninyang'anye. Alikuwa nyuma yangu, anachechemea, ameshikwa mikono na wanawake wawili.

Nilibeba mpaka chini kabisa ya kilima, ambako gari jeusi refu lilikuwa likingoja, lina mapazia na msalaba wa shaba juu. Tukalitia jeneza ndani. Nikasema alhamdulillahi, sasa niombe radhi nirudi zangu kilimani. Ndipo yule mzee niliyemwangusha akanijia, nikajikaza, nikajua hapa ni kofi, na haki yake. Akanitazama bega. Akanitazama kofia. Akanikumbatia, akalia.

Sikuelewa wakati ule. Nilielewa baadaye, nilipoonyeshwa picha ukutani: marehemu, jina lake Joakimu, alikuwa baharia maisha yake yote, na huyu mzee, Manueli, ni mdogo wake, na wote pale waliamua kwamba mimi ni mwenzake wa melini, nimesikia msiba nimekuja kutoka bandarini kumzika. Basi wakafungua mlango wa gari lililokuwa nyuma, wakanitia kati ya Mzee Manueli na mjane, mbele ya watoto wa marehemu.

Nilitaka kusema. Neno gani? Kireno sijui, na Kiingereza changu cha rangi na brashi hakuna aliyekielewa. Nikasema tu "Pole, pole sana," na mjane akanishika mkono kama anayeelewa, nami nikaona haya kuutoa.

Kanisani sikuingia. Nilibaki nje na dereva wa gari la maiti, mtu mnene mwenye masharubu, akanipa nusu ya chungwa lake tukala kimya. Makaburini niliingia, kwa kuwa kumtia mtu mchanga si dhambi, na hapo nikastaajabu, maana walitupa mchanga kwa mkono kama sisi, nami nikatupa konzi tatu. Nikawaza, sasa imekwisha. Jua lilikuwa limepita utosini.

Haikwisha. Wakanipeleka nyumbani, kule kule kilimani, na chakula kikaletwa: yule yule ng'onda wao, amepikwa kwa viazi na vitunguu na mafuta mengi. Mtajiuliza kwa nini sikuondoka. Kwani nyinyi mmeweza lini kuukataa wali wa matanga? Mtu aliyefiwa akikuwekea chakula ukasimama ukaenda, umemfia mara ya pili. Nikala. Mvinyo nilikataa kwa kuweka mkono kifuani, wakaniletea maji. Na chakula kilikuwa kitamu, sisemi uongo, nikaongezwa.

Nikainua macho, nikaona saa ya ukutani. Saa nane na nusu.

Tonge nikalirudisha sahanini. Nikamwona Mzee Athumani mlangoni kwake. Nikamwona yule wa Bombay na duka lake. Nikasimama nikasema, "Meli!" Wakanitazama. "Meli! Meli yangu! Baharini!" Mzee Manueli akadhani namwomboleza marehemu, akaitikia kwa kichwa kwa huzuni, akaniashiria nikae. Nikaonyesha saa. Wakaniongezea viazi. Nikatoa daftari nichore meli, kalamu ya risasi imevunjika ncha nilipokuwa nabeba jeneza. Na dakika zinakwenda.

Basi nikafanya jambo ambalo naliona haya mpaka leo, na Kombo hakulijua mpaka nilipomwambia mwenyewe (kosa lingine). Nilisimama katikati ya chumba cha msiba, mbele ya mjane na wazee na mtu wa kanisa, nikatia mikono mdomoni, nikapiga honi ya meli. "Buuuuuuu!" Nikaona haitoshi. Nikaonyesha kwa mkono meli inaondoka, mimi nimebaki, nikapiga tena, "Buuuuuuu!"

Mtu aliangusha kijiko.

Kisha mjane akacheka. Akacheka mpaka akajishika ubavu, na machozi yanashuka, akaonyesha ile picha ya mumewe ukutani, akatia mikono yake mdomoni naye akapiga, "Buuuu!" na wajukuu wawili wakapiga, na Mzee Manueli akagonga meza, na hapo wote wakaelewa kwa pamoja. Nadhani marehemu ndivyo alivyokuwa akiwaaga siku za kusafiri. Sina hakika. Hakuna aliyeweza kunieleza.

Sasa wakaanza kukimbia. Dereva mwenye masharubu aliyekuwa akila jikoni akaburutwa nje na leso ya kulia chakula bado iko shingoni. Gari lililokuwa karibu, chini ya ngazi, ni moja tu. Mbele wakakaa dereva, Mzee Manueli na mwanawe mkubwa wa kuonyesha njia, na nafasi ikawa imekwisha. Wakafungua mlango wa nyuma.

Nikasema, "Hapana."

Wakasema neno lao, nadhani ni "Ndiyo." Mjane akanitia mikononi bakuli la samaki lililofungwa kwa leso yake, leso ya kujitandia, nyeusi yenye maua mekundu pembeni, nikapanda, nikakaa chini pale alipokuwa amelazwa marehemu asubuhi, shada la maua lililobaki likanilalia magotini, mlango ukafungwa, mapazia yakashuka, na gari likatimka kwenye vilima vile nami nimelala chali nimekumbatia bakuli, nasoma kila dua ninayoijua.

Huku melini saa tisa imefika, Salimu hayupo. Haya sikuyaona, nayaandika kama alivyonieleza Mzee Faki, ambaye haongezi chumvi. Mabaharia wote wamepangwa juu kwa kuhesabiwa, kapteni ana saa mkononi. Kombo anaapa kwamba niliondoka mzima saa tatu. Mara wanaona gari la maiti linaingia bandarini kwa kasi, linawapita makuli, linakuja moja kwa moja chini ya ngazi ya meli yetu, linasimama. Mzee Mreno aliyevaa nyeusi anashuka, macho mekundu, anauliza jambo, anaonyesha meli.

Mzee Faki akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuna." Kapteni akavua kofia. Wote wakavua.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na kwa kuwa nilikuwa nimelala kichwa mbele, miguu yangu ndiyo iliyotangulia kutoka, na viatu vya turubai. Kombo alivitambua viatu. Akalia, "Salimu! Ndugu yangu Salimu!" (Leo anakana. Lakini nilimsikia kwa masikio yangu, na niliisikia sauti yake ikipasuka, na kwa ajili ya sauti ile nimemsamehe mengi.)

Kisha miguu ikagusa chini, nikatoka na bakuli langu, na ua moja sikioni.

Sijui kama mmewahi kutazamwa na watu arubaini waliovua kofia kwa ajili yenu. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. Nikasema, "Assalamu alaikum."

Kombo akasema, "We, si umekufa?"

"Sijafa."

"Basi mbona umeletwa na gari la maiti?"

"Wamenisindikiza."

"Watu husindikizwa kwa miguu, Salimu!"

Mzee Manueli akanishika mabega yote mawili mbele ya meli nzima, akanibusu shavu hili na hili, akaenda zake. Nikapanda ngazi. Kapteni alikuwa na uso kama jiwe, akasema neno na Mzee Faki, na Mzee Faki akanigeukia, mdomo unamtetemeka kwa kujizuia: "Umechelewa dakika kumi na mbili. Lakini kapteni anasema marehemu haandikiwi kuchelewa. Ingia."

Hapo ndipo nilipotazama miguu ya Kombo nikaviona viatu vyangu vya ngozi.

"Hivyo si vyangu?"

Akavitazama kama mtu aliyeviona mara ya kwanza. "Nilivileta nisije nikavisahau kwa Mgoa."

"Miguuni?"

"Mikono ilikuwa imejaa."

Samaki tuliwala usiku ule, sisi sote, na kabla hatujapita lango la Suez kila baharia alishanipigia "Buuuu" mara mia.

Tulipofika Mombasa sikulala, nilikwenda moja kwa moja mpaka Mkwiro, na Kombo akanifuata akisema anataka kuwa shahidi kwamba nimerudi na meli ile ile (nilishukuru, sikujua yatakayonipata). Mzee Athumani alikuwa amekaa ndani ya behewa, ule uwanda wa ndani wa nyumba, na nyuma ya pazia nikasikia bangili, nikajua Mwanaisha yupo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umerudi na meli uliyoondoka nayo?"

Kombo akasema, "Amerudi nayo, mzee, nami ni shahidi. Ilibaki kidogo."

"Kidogo gani?"

Nikaingilia upesi. "Nililala kwa Mgoa mmoja, mjomba, Bwana Kaitano, mablanketi matatu..." Nikasoma ukurasa wangu wa kwanza wote. Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. "Vizuri. Na uliona nini?"

Nikafunua ukurasa wa pili. Una maneno mawili tu, "Wana ng'onda." Naungama kwamba nilijaribiwa. Ngome ile nilikuwa nimeiona kwa chini, dirishani kwa Mgoa, na kutoka chini mpaka juu ni hatua chache za ulimi. Nikasema, "Niliona ngome..."

Kombo akakohoa. "Mweleze na gari lililokuteremsha kutoka ngomeni."

Basi. Nikaeleza yote kama nilivyowaelezea nyinyi, jeneza na mzee kuanguka na honi, na nilipofika kwenye honi mzee akasema, "Ipige," nikaipiga, Mungu anisitiri, behewani kwake, na nyuma ya pazia kikatoka kicheko kilichokuwa kimezuiwa muda mrefu. Lakini Mzee Athumani hakucheka. Nikaanza kuitafuta kofia yangu niondoke.

Akasema, "Ulibeba kutoka juu mpaka chini? Hukuliacha?"

"Nilitaka kuliacha, mjomba. Sitaki kukudanganya. Nilitazama nyuma mara nyingi."

"Lakini hukuliacha."

"Hapakuwa na wa kunipokea."

Akamgeukia Kombo akamwuliza tarehe za mwezi, wakaanza kuhesabu siku za harusi, mimi nimesahauliwa pale na daftari langu.

Ile leso ya mjane, Mwanaisha alijitanda nayo siku ya saba ya harusi, na bado anayo. Vijana wanaoingia melini sasa huja kuniuliza Ulaya walale wapi na waone nini, nami huwaambia walale kwa Mgoa, na wasipande kilima chochote siku ya kuondoka. Ngome ya Lisboni siijui. Na niliapa, mbele ya Kombo, kwamba sitatia bega tena chini ya jeneza la mtu nisiyejua jina lake wala watu wake.

Kiapo hicho kilidumu miezi mitano. Juzi nilikwenda Tiwi kununua makuti, nikakutana na maziko njiani, sijui ni ya nani, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshatia bega. Hatua ya kwanza nikakumbuka zile ngazi, jasho likanitoka. Nikahesabu, moja, mbili, tatu. Nilipofika tisa mkono ukanigusa mgongoni, na sauti ya mtu nisiyemjua ikasema, "Lete, mwenzangu."

Nikampisha. Nikabaki kando ya njia nimesimama, natabasamu kama mwehu, kwenye maziko ya watu.